Mama Asemaye Bila Kujibiwa: Mwana Kupona Katika Wodi ya Njiti, Doha

Kwa miaka kumi na miwili nimeufundisha Utendi wa Mwana Kupona kwa mpangilio uleule. Huanza na mwaka 1858, nikaeleza habari za Pate na Siu na za Bwana Mataka, mume wa mtunzi, kisha nikawaachia wanafunzi wavutane kuhusu mke, mume na utii. Mvutano huo haukosi kunoga, na kwa kawaida kipindi huisha kabla hatujazifikia dua za mwisho. Swali moja la awali sikuwahi kuliuliza: mama huyu anasema akiwa katika hali gani? Swali hilo nilikutana nalo nje ya darasa, katika wodi ya watoto njiti jijini Doha, mahali alipokuwa akifanya kazi mume wangu. Pacha wangu walizaliwa huko wakiwa na wiki 29. Wa kwanza alikaa wodini siku 54, wa pili siku 71.

Leo wote wawili wako darasa la kwanza. Nalisema mapema ili msomaji asiisome makala hii kwa hofu. Nia yangu ni ya uhakiki. Nadai kwamba fasihi ya Kiswahili imemsemea mama kwa namna mbili kuu, sifa na wasia, na kwamba namna zote mbili tumezisoma kana kwamba mtoto yupo tu, mkononi au mbele ya macho. Mama ambaye mtoto wake yupo na hayupo hatujampa nafasi. Hata hivyo nafasi hiyo imo katika utendi tunaodhani tumekwisha kuuelewa.

Niieleze kwanza hali yenyewe. Ilikuwa Agosti. Nje joto lilipita nyuzi 40 na watu waliwahi vivuli. Ndani, wanangu walilazwa katika mashine za kuwatafutia joto, kwa kuwa miili yao haikuweza kulihifadhi. Kila baada ya saa tatu nilikamua maziwa, nikaandika kiasi chake katika daftari. Muuguzi mmoja kutoka Kerala alijua kabla yangu kwamba wa kwanza hutulia akilazwa ubavu wa kushoto. Nilimshukuru kwa dhati, na usiku nikamwonea wivu. Siku ambayo wa kwanza aliongeza gramu 30, mdogo wake alisahau kupumua mara mbili. Sikujua furaha ile niiweke wapi. Nikifurahi naona namsaliti mmoja, nikilia naona namnyima mwenziwe haki yake.

Nikiwa katika hali hiyo, Kiswahili kilinifikia kwa simu kutoka nyumbani. Hongera mzazi. Umejifungua salama. Pwani, mzazi si baba au mama tu; ni pia mwanamke aliye ndani ya arobaini yake, akandwaye kwa maji ya moto, apikiwaye uji wa pilipili manga, azuiwaye kutoka. Utaratibu wote huo umejengwa juu ya jambo moja: mtoto yuko ubavuni mwake. Mimi nilikuwa mzazi asiye na mtoto ubavuni. Arobaini yangu ilinikuta kwenye korido, nikisubiri madaktari wamalize mzunguko wa asubuhi ndipo niruhusiwe kuingia.

Nilitumiwa pia methali: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nimeifundisha mara nyingi kama methali ya heshima. Kule wodini niliisikia kama mlango unaofungwa taratibu. Ukishaambiwa kwamba wewe pekee ndiye ujuaye, hakuna tena wa kukuuliza unajua nini. Sifa ya mama katika fasihi yetu mara nyingi hufanya kazi hiyohiyo: humpandisha mahali pa juu asikoweza kusikika.

Chukua riwaya tunazozisomesha. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, Zainabu Makame ni mmoja wa akina mama wanaokumbukwa zaidi na wasomaji wetu, lakini tunamjua kwa kumbukumbu ya mwanawe aliyebaki. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, mateso ya Regina yamo wazi mbele yetu, ila hatima inayoibeba riwaya ni ya binti. Sizilaumu riwaya hizi. Kila moja ina kazi yake. Natambua tu kwamba mama ndani yake huonwa zaidi ya anavyoona.

Kuhusu pacha, mazoea yetu yana nguvu zaidi. Muhammed Saleh Farsy alipokiita kitabu chake Kurwa na Doto mwaka 1960, alitumia majina ambayo kila msomaji aliyatambua kuwa ya pacha, na akawapa mabinti wawili wa kijiji cha Unguja tabia zinazopingana. Mbinu hiyo ni ya busara, kwa maana pacha humpa msanii mizani iliyo tayari. Lakini mizani hiyohiyo niliikuta wodini, tena mizani ya kweli, yenye tarakimu. Kila asubuhi waliwekwa juu yake mmoja baada ya mwingine, na kila asubuhi nilijizuia kusoma tofauti kama hadithi: huyu shujaa, yule dhaifu, huyu wa kuishi, yule wa kuombewa. Siku ya 54, nilipomchukua wa kwanza nyumbani na kumwacha wa pili, hadithi ile ilitaka kujiandika yenyewe. Nilielewa kwamba kwa mama wa pacha kulinganisha si mbinu ya sanaa. Ni kishawishi, na kukikataa ni kazi ya kila siku.

Huenda mtu akasema kwamba pengo hili limezibwa na bembelezi. Ni kweli kwamba katika nyimbo hizo mama hupenyeza yasiyosemeka mchana: malalamiko juu ya mume, uchovu, upweke. Anamwimbia asiyefahamu ili asikiwe na wanaofahamu. Lakini bembelezi huhitaji mkono unaotikisa. Siku ya 19 ndipo niliporuhusiwa kumweka mmoja wao kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia iitwayo kangaroo, iliyoanzia Bogotá mwaka 1978 pale mashine zilipokuwa haba. Kabla ya hapo nilijaribu kuimba kando ya kioo na sauti ikakatika. Sikushindwa na machozi; wimbo wenyewe ulikosa mahali pa kutua. Na hata baada ya siku ya 19, kifua kilikuwa kimoja na watoto wawili.

Ndipo nikaurudia utendi, kwenye simu, katika kiti cha plastiki. Tuna desturi ndefu ya kuusoma kama mafunzo ya ndoa. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha za Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke, na jina hilo limetuongoza kuliko tunavyokiri. Mwaka 1991 Ann Biersteker alitutaka tuutafakari upya kwa upande wa lugha na mamlaka, tusichukulie kwamba kila agizo limesemwa kwa unyenyekevu mtupu. Mjadala umeendelea tangu hapo, lakini bado umezunguka swali la mume. Mimi nilivutwa na mambo matatu yaliyo wazi mno hata tunayapita bila kuyatazama.

La kwanza ni maradhi. Mtunzi anasema mapema kwamba ameugua kwa mwaka mzima. Anamwita binti asogee karibu na wino na karatasi, kwa kuwa ana jambo la kumwambia. Takriban miaka miwili baada ya kuutunga utendi, alifariki. Maagizo yale marefu, ya namna ya kuvaa, kusema, kutunza nyumba na kumwangalia mume, yametoka kwa mtu asiyejua amebakiwa na muda gani. Nami wodini nilikuwa mtoa maagizo hodari. Nilimwagiza mume wangu, nikamwagiza muuguzi, nikaandika orodha ya mambo ambayo watoto wafanyiwe nikiwa sipo. Haikuwa tabia ya kupenda kutawala. Agizo ndilo umbo ambalo hofu hulivaa inapotaka kuonekana kuwa na faida. Sisemi kwamba hili linaifuta itikadi ya utii iliyomo. Imo, na ina madhara yake. Nasema kwamba wasia huu ni wa hofu kabla haujawa wa ndoa, na msomaji asiyeisikia hofu hiyo amesikia nusu.

La pili ni kimya cha binti. Tangu anapoitwa mpaka mwisho, hajibu. Tumekichukulia kimya hicho kuwa adabu ya mtoto wa kike. Nilipokuwa nikisema na watoto wawili wenye mirija puani, nilianza kukisikia kwa namna nyingine: mama anasema na mtu ambaye jibu lake hatalipata, kwa sababu jibu ni maisha ya baadaye ya mtoto huyo. Pale Siu na Lamu mgonjwa alikuwa mama. Doha wagonjwa walikuwa watoto. Hali imegeuka, ila umbo la usemi ni lilelile, na mtu aliye upande wa pili yupo bila kujibu.

La tatu ni dua. Karibu na mwisho Mwana Kupona anaacha kuagiza, anaanza kuomba. Anawaombea wanawe, ndugu zake, na nafsi yake apone. Hii ndiyo sehemu tunayoikosa kipindi kikiisha. Nadhani ndiyo kiini cha utendi, kwa kuwa hapa mjuzi wa kila jambo la nyumbani anakiri kwamba lililo kubwa kuliko yote halimo mikononi mwake.

Nikumbushe mpaka wa usomaji wangu. Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala. Nami nilikuwa na mume mwenye bima na chuo kilichonivumilia. Katika kiti cha jirani aliketi mwanamke kutoka Kenya, mfanyakazi wa mapokezi, mwenye binti wa wiki 30. Sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kwa mwajiri wake likizo ya uzazi ya siku 50 yenye malipo, na haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Siku yake ya 50 ilifika, binti akiwa bado wodini. Alirudi kazini, akawa anakuja usiku, amevaa sare, akilala ameshikilia ukingo wa mashine. Aliniambia, "Dada, mimi wananipongeza kazini, halafu wananiuliza mtoto anafanana na nani. Simjui bado." Sentensi hiyo sijaikuta katika kitabu chochote ninachofundisha.

Wanasheria wameanza kuhesabu. Tanzania Bara, marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yanamwongezea mama wa njiti likizo mpaka zitimie wiki 40 za ujauzito. Sheria, kwa mara hii, imetambua kwamba mwanamke anaweza kuwa amejifungua na bado hajamaliza kubeba. Fasihi iliyojivunia kumjua mama imetanguliwa na gazeti la serikali.

Muhula huu nimeanza kuufundisha utendi kutoka dua, nikarudi nyuma kwenye wino na karatasi, na mume nikamwacha kwa wiki ya tatu. Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwani binti alijibu nini?" Nilimwambia utendi hausemi. Darasa lilikaa kimya kidogo, kisha wakaanza kuandika.