Nyumba ya Kwihara na Jina Lake

Kwihara, karibu na mji wa Tabora, iko nyumba ya udongo yenye paa lililo bapa, nayo imepakwa rangi nyekundu iliyokoza, na mlango wake ni wa mbao zilizochongwa kwa namna ya pwani. Watu huiita Tembe ya Livingstone, nayo imetengenezwa iwe nyumba ya makumbusho. Mtu wa Ugogo akiiona haulizi tembe ni kitu gani, kwa kuwa yeye mwenyewe amezaliwa ndani ya tembe, au babu yake alizaliwa humo. Ataona tu ya kuwa hii ni kubwa na ya kitajiri kuliko zile za kwetu. Nataka kuipima nyumba hiyo, wala si kwa nia ya kuilaumu bure: je, yamwambia mgeni habari zake zote?

Livingstone hakuijenga wala hakuinunua. Ni nyumba ya Waarabu waliokuja bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Stanley alikaa humo kabla yake, mwaka 1871, wakati Waarabu wa Tabora walipokuwa wakipigana na Mirambo, mtemi wa Urambo. Kisha akaenda Ujiji, akamkuta Livingstone, wakarudi pamoja, wakafika Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley akashuka pwani mwezi wa Machi. Mwenzake akangoja mpaka walipofika watu 57 aliopelekewa na Stanley, na tarehe 25 Agosti akaanza safari yake ya mwisho. Yaani mgeni wa miezi sita ameachiwa nyumba nzima kwa jina lake.

Sisemi jina hilo lifutwe. Walakini lina hatari yake, kwa sababu humfanya mgeni asiulize. Mtu aliyeipinga biashara ya watumwa kwa maneno na kwa maandiko alilala chini ya paa lililojengwa kwa faida ya biashara ile ile. Hilo ni jambo zito, la kumfanya mtu asimame mlangoni na kufikiri. Lakini humo ndani maelezo mengi ni ya Livingstone, na ya watumwa ni machache. Tena wapagazi wa Kinyamwezi, ambao mabega yao ndiyo yaliyoifanya Tabora kuwa mji, huonekana kama watu waliopita njiani tu.

Na hata habari ya Livingstone mwenyewe hukatwa kabla ya mwisho wake. Mwezi wa Oktoba 1873 watu wake walifika tena Kwihara wakiuchukua mwili wake. Alikuwa amekufa mwezi wa Mei katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo, wakaanza safari. Kwihara walimkuta Mwingereza, Cameron, naye akawashauri wauzike mwili hapo hapo. Wakakataa. Watu wa ujira, ambao bwana wao hakuwapo tena kuwaamuru, walimkatalia ofisa wa Kiingereza, wakaendelea hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Katika habari zote za Kwihara mimi naona hii ndiyo kubwa, nayo ingestahili chumba chake.

Mwaka huo huo Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, nao walifika mazishi yakiwa yamekwisha. Huko walikaribishwa katika jumba la Newstead Abbey, karibu na mji wa Nottingham, kwa rafiki wa Livingstone aliyeitwa Webb. Livingstone naye alikuwa amekaa humo miaka ya 1864 na 1865 akiandika kitabu. Lilikuwa makao ya watawa hapo kale, kisha likawa la jamaa ya Byron, mshairi. Tangu mwaka 1931 ni mali ya mji wa Nottingham, na watu huenda kutembea katika bustani zake na kando ya maziwa yake. Iko picha iliyopigwa Newstead mwaka 1874: Susi na Chuma pamoja na watoto wa Livingstone na kasisi Waller, ambaye walimsaidia kuzitengeneza habari za safari ile zipate kuchapwa.

Waingereza hupenda sana matembezi ya namna hii. Chama chao cha National Trust, kilichoanzishwa mwaka 1895, chatunza majumba mengi ya mashambani pamoja na bustani zake. Mwaka 2020 kilitoa taarifa iliyotaja mahali 93 palipohusiana na utumwa au utawala wa makoloni. Wengine walikasirika, wakisema wao huenda kutazama maua. Maua na yatazamwe; lakini mwenye kuuliza ni fedha ya nani iliyoyapanda hajayang'oa.

Nyumba za mawe zaweza kusubiri watu wabishane. Tembe haisubiri. Mchwa hula nguzo, mvua huchimba paa, na udongo usipoongezwa kwa wakati wake, maji huingia. Kwetu Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini kwa operesheni ya mwaka 1970 na 1971, kaya nyingi ziliachwa, na tembe isiyo na mwenyewe hurudi kuwa kichuguu. Leo watu huezeka mabati, na nani atamlaumu mtu kwa kutaka kulala pakavu? Iko tembe ya Kigogo katika Kijiji cha Makumbusho mjini Dar es Salaam; ni vema iwepo, ingawa tembe isiyo na ng'ombe uani wala moshi ndani ni nusu ya tembe. Afadhali mwalimu awapeleke watoto kwa mzee ajuaye ni miti ipi isiyoliwa upesi na mchwa, na udongo hushindiliwaje, kabla hajawapeleka Tabora. Ndipo watakapoingia Kwihara wakijua kwamba paa lile lilikuwa kazi ya mikono ya watu.

Na huko Kwihara ungefaa kuwekwa ubao mmoja karibu na mlango, wenye majina ya Susi, Chuma na Wainwright, na habari ya lile shauri la Oktoba 1873. Gharama yake haipiti bei ya mabati machache.