Mkuki wa Springi ya Lori

Nilipomwambia mhunzi mmoja wa kijiji kilicho upande wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, kwamba nataka anifulie mkuki wa kizamani, aliniuliza swali moja tu: "Wa kutazama, au wa kushika?" Nikajibu kwamba nitautundika ukutani. Akatikisa kichwa. "Basi nenda mjini, mwanangu, kwa wachomelea mageti. Hapa tunafua."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshakwenda. Fundi mmoja wa mjini alinichorea mkuki juu ya bamba la chuma, akaukata kwa grainda, akauchomelea kipande cha bomba, akaupiga msasa hadi uking'aa. Umbo lilikuwa lenyewe. Lakini nilipoushika ncha iliinama chini kama jembe. Unene ulikuwa uleule kuanzia shingoni hadi nchani, na mkono ulitambua kosa kabla ya jicho.

Kosa hilo lina ndugu zake duniani. Wazungu wanaopenda silaha za kale hununua nakala za bei nafuu za upanga uliopinda wa hussar, wapanda farasi wa Hungaria ambao majeshi mengine ya Ulaya yaliwaiga. Ufaransa ilipata kikosi cha namna hiyo mwaka 1720 kwa mkono wa mkimbizi wa Kihungaria, László Bercsényi. Upanga wa asili hupungua unene kadiri unavyokwenda mbele, ndiyo maana mpanda farasi aliweza kuugeuza kwa kifundo cha mkono. Nakala ya bei rahisi mara nyingi huiga mpindo na mshikio, ikausahau wembamba. Wembamba hauonekani pichani.

Karagwe, ufalme wa kale wa eneo hili la mzee, haikuwa nchi ya farasi. Ilikuwa nchi ya ng'ombe na chuma, na vyote viwili vilikutana ikulu Bweranyange. Wavumbuzi Speke na Grant walipokelewa na mfalme, Mukama Rumanyika, mwishoni mwa 1861. Mvumbuzi mwingine, Stanley, alifika mwaka 1876, akaonyeshwa nyumba ya hazina: sanamu za ng'ombe na ndege za madini, miundu iliyofuliwa kwa ustadi uliomstaajabisha, na mikuki ambayo baadhi yake hata mpini ulikuwa chuma kilichofuliwa mfano wa mnyororo. Nyundo nazo zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Nimelitafakari hilo mara nyingi: watawala waliomiliki makundi ya ng'ombe waliona nyundo inafaa kukaa karibu na kiti chao.

Vitu vile haviuzwi, wala visiuzwe. Mtu wa kipato changu akitaka kukaa na kitu cha ukoo ule nyumbani kwake, lazima kifuliwe upya. Nikamrudia mzee, safari hii nikamwambia nataka wa kushika.

Alichukua jani la springi ya lori. Mjukuu wake alizungusha gurudumu la baiskeli linaloendesha feni ya makaa, na chuma kilipofikia rangi ya papai lililoiva, kikatolewa kwa koleo na kuwekwa juu ya fuawe. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kutazama. Mzee hakupiga kwa nguvu, alipiga kwa mwelekeo. Kila pigo lilisukuma chuma kidogo kuelekea nchani, kama mtu anavyokanda unga kwa kiganja. Rangi ikishuka hadi wekundu wa giza aliacha papo hapo, hata kama pigo moja tu lilibaki, kwa sababu springi ikipigwa imepoa hupasuka ndani, na ufa wa namna hiyo hauonekani mpaka siku ya kazi.

Kisha akainua mgongo. Alilaza ulimi wa mkuki ukingoni mwa fuawe na kupiga upande mmoja, akageuza akapiga wa pili, hadi mstari ukasimama katikati toka shingo hadi ncha. Mstari ule ndio siri yote. Unaubeba ulimi usipinde, hivyo pande zake zinaweza kuwa nyembamba kama jani. Shimo la mpini halikuchomelewa: alitandaza kitako cha chuma mfano wa kipepeo, akakikunja taratibu hadi kingo zikakaribiana na kuacha mwanya mwembamba.

Siku ya pili ilikuwa ya kukitia chuma ugumu. Juu ya makaa kulining'inia sumaku ya spika ya redio. Sumaku ilipoacha kuvuta, ulimi ukazama kwenye oili. Baada ya kuusugua, aliupasha tena polepole, na rangi zikaanza kutembea juu yake: njano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. Kwenye buluu akauondoa. Chuma kikiishia njano kina makali lakini huvunjika. Kikivuka buluu kinakuwa laini.

Springi hiyo imetoka ng'ambo, najua. Lakini zamani, mkoani Kagera, watu waliyeyusha mtapo wenyewe. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kuhusu matanuri ya Buhaya ya zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Majembe na vyuma vya Ulaya viliua kazi ya kuyeyusha. Kufua hakukufa.

Nililipa shilingi 45,000, mti wa mpini nikautafuta mwenyewe. Ni bei ndogo kwa siku mbili za mikono ile, nikaongeza. Ulimi ulipokaa kwenye mti, niliushika kwa vidole viwili karibu na katikati, ukatulia sambamba na ardhi.

"Ngoja, usiondoke nao," mzee akasema. Alichomoa utepe wa gome kavu la mgomba, akaulaza juu ya ulimi, akafunga fundo pale unapopanuka na jingine shingoni. Kisha akautundika utepe huo ukutani, kando ya utepe mwingine uliokwisha kuwa mweusi kwa moshi.