Pongezi kwa Mafundi wa Rejeta

Miraa ikinyauka haina bei, kwa hiyo Hilux kuukuu iliyoipakia mjini Maua haina ruhusa ya kusimama ikifuka mvuke kwenye mlima wa daraja la Nithi. Anayeifikisha ni fundi wa rejeta wa jua kali, Meru au Embu. Huifungua rejeta ya shaba, huzibua mirija kwa waya, huweka safu tatu palipokuwa na mbili, kisha huilehemu. Mfuniko uliolegea haukubali: Meru, mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95, na ni shinikizo la mfuniko linaloyazuia. Namheshimu zaidi anapokataa kung'oa thamostati, hata mwenye gari akishikilia. Injini isiyopata joto lake hula mafuta na kuchakaa mapema, naye anajua.