Mwalimu Kushika Nafasi ya Mtoto

Wapo wanaowafundisha walimu watarajiwa huruma kwa njia ya maigizo, na mbinu nyingi wanazotumia zinatoka kwa Augusto Boal, Mbrazili aliyeishi kati ya 1931 na 2009. Wachezaji huonyesha kisa kinachoishia vibaya, kisha hukirudia. Mara ya pili mtazamaji yeyote aweza kusema "Simama!", akapanda jukwaani, akashika nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine.

Washarika wapendwa, tuchukue kisa tunachokifahamu sote: binti amechelewa mstarini kwa kuwa alikwenda kisimani kwanza, na mwalimu anamchapa bila kumwuliza. Mwanachuo anayeshika nafasi ya binti hugundua upesi kwamba mtu aliyepiga magoti mbele ya fimbo hukosa maneno, hata kama ana haki. Hakuna mhadhara utakaompa ujuzi huo. Hapo tunaisifu mbinu hii bila kusita.

Kasoro yake huonekana tunapoileta kwa walimu. Boal aliwafikiria wanaoonewa. Kwa desturi yake mtazamaji hashiki nafasi ya mwonevu, maana mwonevu akigeuka mwema ghafla, kisa kimekwisha kwa muujiza wa bure. Kwa mkulima aliyedhulumiwa shamba, utaratibu huo unafaa. Lakini kwa mwalimu, mwenye fimbo ni yeye mwenyewe! Akicheza binti tu, atajifunza namna mtoto angeweza kujitetea vizuri zaidi, na mzigo wa kubadilika utabaki kwa mtoto. Tena atashuka jukwaani akidhani ameyajua maisha ya binti, naye amebeba ndoo tupu kwa dakika 5.

Nabii Nathani alikwenda mbali zaidi (2 Samweli 12). Hakumtaka Daudi ajifanye Uria. Alimpa kisa cha maskini na mwana-kondoo wake, akamwacha ahukumu kwa hasira, ndipo akamwonyesha kuwa amejihukumu mwenyewe. Huruma ya Daudi kwa yule maskini ilikuwa ya kweli, ila bila neno lile la mwisho angelala usingizi mzuri usiku ule.

Kwa hiyo tungependa vyuoni, na kwa walimu wetu wa kipaimara pia (fimbo haiko shuleni peke yake), kisa kichezwe mara ya tatu, mwanachuo akiwa mwalimu. Na miongoni mwa watazamaji waketi watoto wenyewe, wakiwa na ruhusa ya kusema "Simama!"