Shaman King na Chenza la Mwisho

Kwa Kijapani, ukisikia neno "mikan" huwezi kujua maana yake mpaka ulione limeandikwa. Likiandikwa hivi ni chenza. Likiandikwa vile ni kitu ambacho hakijakamilika. Shaman King ilipokatizwa mwaka wa 2004, baada ya kuchapishwa tangu 1998 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump, mchoraji wake Hiroyuki Takei aliweka picha ya chenza katika kitabu cha 32, cha mwisho. Hadithi iliishia njiani na msomaji akapewa tunda.

Wasee wa anime tukikaa kupiga stori za manga zilizokatwa, kilio huwa ni kimoja: hatukuona pambano la mwisho. Fulani angempiga fulani? Kwa Shaman King hilo halinisumbui sana. Hii ni manga iliyotumia vitabu 32 kuuliza swali moja, mtu aliyeua unamfanyia nini, halafu ikazimwa ikielekea kwa muuaji mkubwa kuliko wote.

Kwa ambao hawajaisoma: kila miaka 500 mashamani, yaani watu wanaoona mizimu na kushirikiana nayo, hushindana. Mshindi huungana na Roho Kuu na kuwa mfalme mwenye uwezo wa kuigeuza dunia anavyotaka. Yoh Asakura ana miaka 13 na ndoto yake ni kuishi raha mustarehe, bila presha. Mzimu wake ni Amidamaru, samurai aliyekufa miaka 600 iliyopita. Anayemsukuma kufanya mazoezi ni Anna, mchumba wake, na Anna hana mchezo. Upande wa pili yuko Hao, aliyezaliwa mara ya kwanza miaka 1000 iliyopita na sasa amerudi kama pacha wa Yoh. Hao anataka kuwafuta binadamu wote wabaki mashamani tu.

Ukisikia hivyo utadhani unajua inavyokwenda. Kijana mvivu atafanya mazoezi, atapigwa, atainuka, atamshinda ndugu yake. Mwanzoni Takei anakuacha udhani hivyo. Halafu Ren, rafiki wa Yoh, anauawa, na anayeweza kumfufua anatoa sharti: Yoh ajiondoe kwenye mashindano. Yoh anakubali, papo hapo, bila hotuba. Hebu fikiria. Katika manga ya mapigano, ndani ya jarida la mapigano, shujaa anaacha mashindano yenyewe yaliyobeba jina la kitabu, kwa sababu rafiki yake ni muhimu kuliko taji.

Jump huendeshwa kwa kura. Wasomaji hutuma kadi kusema ni hadithi zipi zimewafurahisha wiki hiyo, na inayoshuka chini kwa muda mrefu hupewa notisi. Manga inayokataa kupigana inaomba subira mahali ambapo subira haiuzwi. Siwezi kuwalaumu watoto waliopigia kura kitu kingine. Ila nikirudi kuisoma sasa naona zile sura za polepole ndizo zilizobeba mzigo.

Chukua ile sehemu ya Mlima Osore, inayorudi nyuma kueleza jinsi Yoh alivyokutana na Anna. Anna alikuwa mtoto anayesikia mawazo ya kila mtu, na chuki aliyokuwa akiisikia ilimjaa mpaka ikazaa mashetani. Hao naye ana uwezo uleule. Mama yake aliuawa na binadamu akiwa mtoto, naye anasikia kila uchafu ulio mioyoni mwa watu. Kwa hiyo Anna ni Hao mdogo, tofauti ni kwamba yeye alipata mtu wa kumfikia mapema. Takei hasemi hivyo popote. Anaziweka hadithi mbili mbali na kukuachia kazi ya kuziunganisha.

Halafu kuna Chocolove. Kwanza tuseme ukweli: alivyochorwa inauma. Ni kijana Mweusi kutoka New York, amepewa midomo ya zile katuni za zamani za kutudhihaki, pamoja na jina la chokoleti, na kazi yake kubwa ni kutoa vichekesho ambavyo havichekeshi. Msomaji wa Nairobi anaweza kufunga kitabu hapo na nisimlaumu. Lakini huyohuyo ndiye aliyepewa hadithi nzito kuliko karibu wote. Wazazi wake waliuawa mkesha wa Krismasi, akaingia genge, akaua. Miaka baadaye watoto wa mtu aliyemuua wanamtokea kwenye mashindano, wakidai. Chocolove hajitetei. Anaishia kipofu, na bado haionekani kama deni limeisha. Ren naye alimuua Chrom, mmoja wa wasimamizi wa mashindano, na Chrom ana ndugu yake. Ukianza kuhesabu, karibu kila mtu upande wa "wema" ana maiti nyuma yake. Takei anawauliza mmoja mmoja: utalipaje? Kilichobaki ni kumuuliza Hao.

Na hapo ndipo zilipozimwa taa. Kundi la Yoh linaelekea alipo Hao, ambaye anaungana na Roho Kuu. Hawafiki. Chenza.

Huo haukuwa mwisho kabisa. Mwaka wa 2008 na 2009 manga ilichapishwa upya kwa vitabu 27, na safari hii Takei akapewa nafasi ya kumaliza. Hao anashinda. Anakuwa mfalme. Yoh na wenzake wanamfikia ndani ya Roho Kuu, na anayembadilisha ni mama yake, ambaye anamzaba kofi na kumpokea. Hao hatubu kwa machozi wala hafi. Anaahirisha tu. Atawaangalia binadamu kwanza.

Nimesikia watu wakiuita mwisho huo laini. Mimi naona ndio pekee uliowezekana. Baada ya Anna na Chocolove, kumuua Hao kungekuwa kuufuta uandishi wote uliotangulia. Tatizo langu ni kwamba jibu limekuja mbio. Chocolove alipewa muda wa kukaa na aibu yake. Hao, aliyeua wengi zaidi, anapewa kurasa chache na kofi. Lyserg, ambaye Hao aliwaua wazazi wake, alistahili kuulizwa kwa nafasi kama imetosha.

Anime ya 2021, iliyotufikia wengi kupitia Netflix, ilizidisha mbio hizo. Ile ya 2001 ilikuwa na vipindi 64 na ikajitungia mwisho wake, kwa sababu manga ilikuwa bado inaendelea. Hii mpya ina vipindi 52 na inataka kufika mwisho wa kweli. Inafika, lakini watu wanakufa na kufufuka kabla hujawazoea. Ukiambiwa "hii sasa imekamilika", uliza imekamilika kwa kutupa nini.

Mimi niliacha chuo katikati, kwa hiyo nayajua macho ya watu wakisikia kitu hakijaisha. Wanakiona kama sufuri. Shaman King ya 2004 haikuwa sufuri. Ukitaka kuisoma, anza na vile vitabu 32 vya zamani, usiharakishe kwenye Mlima Osore, na ukifika kwenye chenza kaa siku chache kabla ya kutafuta mwisho mpya. Jiulize wewe ungemfanyia nini Hao. Nadhani jibu lako litakuwa refu kuliko la Takei, kwa sababu wewe hakuna mhariri anayekuhesabia kurasa.