Thredi Saba na Nusu

Jumapili ya tarehe 7 Februari 1904, saa tano asubuhi ikiwa bado dakika chache, kengele ya moto ililia kutoka ghala la John E. Hurst and Company, katikati ya mji wa Baltimore, Marekani. Askari wa zimamoto hawajakaa sawa, ghala likalipuka na moto ukarukia majengo ya jirani. Telegramu za kuomba msaada zikatumwa. Washington, mji ulio umbali wa kilomita 60 hivi, ikapakia pampu zake za mvuke na farasi wake kwenye treni, na mchana huohuo wageni walikuwa wameshafika mtaani. Makaa yanawaka, mvuke umepanda, mipira imetandazwa, maji yamo kwenye haidranti, yale mabomba mafupi yanayosimama kando ya barabara kwa ajili ya zimamoto. Wakashika kiungio cha mpira wao, wakakiweka kwenye mdomo wa haidranti, wakazungusha. Hakikushika.

Kiungio cha aina hiyo hufungwa kwa thredi, ile michirizo inayozunguka kama ya bolti na nati. Kuna dume na jike, na ili dume liingie kwenye jike mambo mawili lazima yalingane: upana wa mdomo, na idadi ya thredi katika kila inchi moja. Mmoja akiwa na thredi sita kwa inchi na mwenzake nane, vitashikana robo mzunguko kisha vitakwama, hata ukileta watu kumi wa kukaza. Baltimore ilikuwa na kipimo chake, Washington chake. Vikosi vilivyofuata kutoka Philadelphia na New York vilikutana na kizuizi hichohicho. Wengine walifunga maungio kwa turubai na kuyakaza kwa kamba. Maji yalipita, lakini sehemu kubwa ilimwagika barabarani na presha ikafia njiani.

Moto uliwaka kwa takriban saa 30, ukaja kusimamishwa Jumatatu jioni kwenye kijito cha Jones Falls. Majengo zaidi ya 1,500 yalikuwa yameteketea. Sitasema kwamba viungio peke yake ndivyo vilivyouchoma mji ule. Upepo ulikuwa mkali, mitaa ya biashara ilibanana, na baruti waliyotumia kubomoa majengo ili kuukatia moto njia haikuleta faida waliyoitarajia. Lakini kati ya yote yaliyoharibika siku ile, kiungio ndicho kitu pekee ambacho fundi mwenye mashine ya kukereza angeweza kukirekebisha mwaka mmoja kabla, kwa gharama ndogo, akiwa amekaa kwenye karakana yake.

Mtu asiye wa kazi hii akiutazama mpira wa zimamoto huona bomba moja refu. Ukweli ni kwamba ni mnyororo wa vipande. Kipande cha kawaida Marekani ni futi 50, yaani mita 15 na kidogo. Ukitaka kupeleka maji mita 300 unaunga vipande 20, na ukihesabu mwanzo na mwisho una maungio 21. Kila moja ni mlango ambao presha inaweza kutokea, au kuzuiliwa isipite kabisa.

Mipira yenyewe ni ya koo mbili. Upo wa kufyonza, mgumu, wenye waya au plastiki ya mzunguko ndani yake ili usinywee pampu inapovuta maji kutoka kisimani, mtoni au baharini. Na upo wa kusukumia, ule wa kitambaa kilichofumwa, unaolala bapa kama mkanda ukiwa mtupu na kuvimba ukijaa. Huu wa pili una historia ndefu. Huko Amsterdam, miaka ya 1670, mchoraji na mvumbuzi Jan van der Heyden alianza kushona mipira ya ngozi, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuyafuata makao ya moto ndani ya nyumba badala ya kurusha maji akiwa barabarani. Mshono ulikuwa unaachia, kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi wa Philadelphia wakabana ngozi kwa ribiti za shaba. Ikaja pamba yenye utando wa mpira ndani, na kitani kisicho na utando, ambacho nyuzi zake hufura zikilowa na kujiziba zenyewe. Leo nguvu inatoka kwenye poliesta au nailoni, na ndani kuna utando laini wa mpira wa viwandani. Nyuzi za mduara ndizo zinazokabiliana na presha. Za urefu huzuia mpira usirefuke kupita kiasi.

Upana haupimwi kwa kupenda. Maji yakipita kwenye mpira husuguana na kuta zake, na kwa kiasi kilekile cha maji, upotevu wa presha hupungua kwa upana ulioinuliwa kwa kipeo cha tano. Mpira wa milimita 65 ni mpana kwa mara 1.7 tu kuliko ule wa milimita 38, lakini hupoteza presha takriban mara 15 pungufu. Ndiyo sababu mpana hutumika kuleta maji kutoka mbali, na mwembamba hubebwa ndani ya jengo. Ungeweza kuuliza: kwa nini basi wasiingie na huo mpana? Uzito. Kila mita ya mpira wa milimita 65 inabeba zaidi ya kilo tatu za maji. Kipande cha mita 20 kikijaa kina kilo 66 za maji peke yake, na mtu anakikokota akipanda ngazi gizani, huku nozeli ikimsukuma nyuma.

Turudi kwenye thredi. Serikali ya Marekani ilikuwa imeanzisha Ofisi ya Taifa ya Vipimo mwaka 1901, na kazi ya kuchunguza viungio ikawafikia wao. Miezi michache baada ya Baltimore walipata somo lao wenyewe: moto mdogo ulizuka kwenye eneo lao, wafanyakazi wakakimbilia mipira ya majengo mawili tofauti ya ofisi hiyohiyo, na mipira haikuungana. Walipokusanya sampuli kutoka miji mbalimbali nchini, walihesabu aina zaidi ya 600 za viungio.

Sasa hapa ndipo penye ufundi ninaotaka uangaliwe kwa makini. Njia rahisi ilikuwa kukaa mezani, kuchora kiungio bora kuliko vyote na kuiamuru kila halmashauri itupe vya zamani. Hawakufanya hivyo. Chama cha kitaifa cha kinga ya moto, kinachojulikana kwa herufi NFPA, kilisimamia kipimo kilichozaliwa na hesabu ya vitu vilivyokuwa tayari mitaani. Kwa mpira wa inchi 2.5 walichagua thredi 7.5 kwa inchi, na dume lenye upana wa nje wa takriban inchi 3 na 1/16. Saba na nusu, namba inayoonekana kama kosa la mwandishi. Lakini miji mingi ilikuwa na thredi 7 au 8, na 7.5 ipo katikati yake. Kwa kuwa sehemu inayoshikana ni fupi, tofauti ya nusu thredi inaweza kumezwa: fundi huchukua kiungio cha zamani, hupitisha kifaa cha kuchonga thredi, hukikata kidogo au hukitanua, na kiungio kilekile kinaingia kwenye kipimo kipya. Kituo cha zimamoto kingebadilika bila kununua upya haidranti zake zote. Namba ile ilichaguliwa kwa kumfikiria mwenye bajeti ndogo, na mimi naihesabu kuwa kati ya maamuzi ya kiufundi yenye utu kuliko mengi niliyoyasoma.

Hata hivyo miji ilijivuta. Kila mmoja uliona haidranti zake zinafunguka vizuri kwa mipira yake, na mgeni wa kuja kusaidia alikuwa jambo la siku nyingine. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2004, karne moja baada ya Baltimore, ulikuta kwamba katika miji 48 mikubwa ya Marekani ni 18 tu iliyokuwa na haidranti za kipimo cha taifa. Na Oktoba 1991, moto uliposhuka kwenye vilima vya Oakland, California, na kuua watu 25, vikosi vya majirani vilifika na mipira ya inchi 2.5 vikakuta midomo ya haidranti ya inchi 3. Bila adapta hawakuweza kuunga.

Kwingine walikwepa thredi kabisa. Guido Storz, mhandisi wa karne ya 19, alitengeneza kiungio kisicho na dume wala jike: pande mbili zinafanana, zinakabiliana, unazungusha kidogo, zinashikana. Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya zimejenga juu ya hicho. Waingereza wakachukua cha kusukuma: dume laini linaingia kwenye jike lenye ndimi mbili za springi, unasikia mlio, umemaliza. Mfumo huu wa Kiingereza ulienea katika nchi nyingi walizozitawala, na msomaji akifungua kabati jekundu kwenye ngazi za ghorofa Nairobi au Dar es Salaam ana nafasi kubwa ya kuukuta. Lakini asidhani ni lazima. Vifaa vya majengo huagizwa kutoka pande zote za dunia, China ina kiungio chake, Urusi chake, Japani chake, na mkandarasi anaweza kukamilisha jengo zuri ambalo valvu zake za ghorofani haziingiliani na mpira wa gari litakaloitwa usiku. Swali hilo huulizwa siku ya kukabidhi jengo, kiungio kikiwa mkononi, kikijaribiwa palepale. Cheti hakitoshi.

Na kiungio kilicholingana kiwandani kinaweza kuacha kulingana kwa utunzaji mbaya. Adui wake mkubwa ni sakafu. Kikiangushwa kwenye zege mdomo hupoteza mviringo, na mdomo uliobonyea kidogo tu huzuia mwenzake usiingie. Ndiyo maana mpira wa thredi huviringishwa kuanzia upande wa dume: dume linabaki katikati ya bunda, thredi zake zikilindwa na tabaka zote za kitambaa. Wanaotaka mpira unaotandazika kwa msukumo mmoja huukunja mara mbili kwanza, kisha huanzia karibu na mkunjo, ili ncha zote mbili zibaki nje. Ni haraka zaidi, lakini kinga ya dume hupungua. Ndani ya jike kuna washa ya mpira, kitu cha bei ndogo sana, ambacho kikikauka na kupasuka kinageuza kiungio kuwa chemchemi. Kila baada ya kazi kidole kinapitishwa humo kuikagua.

Kitambaa nacho kina madai yake. Mipira ya pamba iliota kuvu ikiachwa na unyevu, kwa hiyo vituo vya zamani vilijengwa na mnara ambao mipira ilining'inizwa wima hadi imwagike maji na kukauka. Minara hiyo bado inaonekana kwenye vituo vingi vikongwe. Poliesta haiozi hivyo, na watu wakadhani haihitaji kukaushwa. Inahitaji, kwa sababu ya utando wa ndani na chuma cha kiungio. Huoshwa kwa maji na sabuni laini, mafuta na petroli yakiondolewa mapema, kisha hukaushwa kivulini, maana jua kali huchosha nyuzi. Ukiupanga tena kwenye gari, mikunjo isirudi mahali pake pa zamani. Mpira uliokaa mwaka mzima umekunjwa sehemu ileile huchanika sehemu hiyohiyo. Barabarani haukanyagwi na magari bila vivuko vyake, haukokotwi juu ya vioo, na aliye kwenye nozeli hufungua na kufunga taratibu: maji yanayokwenda kasi yakisimamishwa ghafla hurudi na kishindo kinachoweza kupasua mpira au kuumiza pampu.

Yote hayo hupimwa mara moja kwa mwaka. Mipira hulazwa imenyooka, hujazwa maji, na hewa yote hutolewa kwanza. Maji yakipenya mahali hutiririka tu, lakini hewa iliyobanwa hulipuka na kurusha chuma. Kisha, kabla presha haijapandishwa, askari hupita na kalamu na kuchora mstari kuzunguka kitambaa, pale hasa kinapoingia kwenye kiungio. Presha hupanda, hushikiliwa dakika kadhaa, watu wote wakiwa wamesimama mbali. Ikishashuka, hurudi kwenye kila kiungio kimoja kimoja wakiinama. Pale ambapo mstari umesogea ukaacha pengo, kitambaa kimeanza kuchomoka, na kipande hicho huondolewa kwenye gari siku hiyohiyo.