Walimu wa Jukwaa la Goma

Wengi huijua Foyer Culturel de Goma, kituo cha utamaduni mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa Tamasha la Amani, lililoanza Februari 2014. Pongezi hizi ni za kazi yake isiyopigiwa kelele: kuwafundisha vijana na watoto muziki, ngoma na maigizo.

Igizo lenye nyimbo ni darasa kamili. Mtoto aliyepewa nafasi lazima asome maneno yake, atamke kila silabi, aelewe kwa nini mhusika anauliza badala ya kuamuru. Hapo Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha shuleni hukaa pamoja, na sheria ya elimu ya nchi ya 2014 yenyewe imezipa lugha za taifa nafasi darasani.

Na hesabu? Imo kwenye mdundo. Noti nzima hubeba mapigo 4, nusu 2, robo 1. Anayekosea sehemu hutoka nje ya wimbo, na kundi zima linasikia. Wachezaji 12 wakijipanga mistari 3, kugawanya kunaonekana kwa macho.

Lava ya volkano ya Nyiragongo ilifukia sehemu ya mji huu 2002, mlima ukalipuka tena 2021, vita vikaingia mjini Januari 2025. Mwalimu anayeendelea kuwahesabia watoto mapigo hapa anastahili mshahara wa uhakika, ala nzima, na wazazi wanaokuja kutazama.